Kabla Mashine Haijatoka Mlangoni



Katika ofisi ya parokia yetu hapa Kambove kuna mashine ya fotokopi iliyochoka. Karatasi inaingia ikiwa nzima na kutoka imekunjamana, na kila ukurasa una mstari mweusi pembeni, kana kwamba mashine yenyewe imevaa kilio. Baraza la parokia limekubali inunuliwe nyingine, na jambo hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuja lilipoulizwa swali la pili: hii ya zamani iende wapi? Kijana mmoja mwenye bidii alikuwa ametoa bei nzuri ili afungue kibanda cha fotokopi karibu na soko. Muuzaji wa Lubumbashi naye alisema ataipokea na kupunguza bei ya ile mpya. Tulikuwa tayari kumkubalia yeyote kati ya hao wawili na kufunga kikao kwa sala. Ndipo mama anayetunza ofisi akauliza: "Na yaliyomo ndani?"

Tulicheka, tukidhani anasema juu ya wino. Yeye alikuwa akisema juu ya vitabu vya ubatizo. Kwa miaka kadhaa sasa, ili tusiendelee kufunua kurasa zilizolegea na kuguguniwa na mchwa, tumekuwa tukiviskani vitabu vya zamani, ukurasa kwa ukurasa, na picha zake tumeziacha ndani ya mashine ileile, katika sanduku lake la kumbukumbu. Humo mna pia faili za uchunguzi wa ndoa, barua kutoka kwa askofu, orodha ya wagonjwa wanaopelekewa Ekaristi nyumbani, na vyeti vya watoto wanaosaidiwa karo. Hakuna aliyekusudia mashine iwe maktaba. Ilitokea kidogo kidogo, kama vile chumba cha wageni kinavyogeuka ghala.

Tunawaandikia ninyi kwa sababu katika parokia nyingi kazi hii ya kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine itawaangukia ninyi. Wazee watasema: waiteni vijana, wao ndio wanaojua. Ni kweli mnajua. Lakini ustadi wa vidole ni kitu kimoja, na uaminifu wa mtunzaji ni kitu kingine. Sisi tunashikilia kwamba karatasi ambayo mtu ameikabidhi parokia inabaki yake, hata baada ya kugeuka picha ndani ya mashine. Na kwamba anayebadilisha mashine anadaiwa mambo mawili kwa pamoja, asiipoteze karatasi hiyo, wala asiiache ifike kwa asiyehusika. Aliyetimiza la kwanza na kusahau la pili bado anadaiwa.

Wengi hudhani mashine ya fotokopi ni kama kioo: huonyesha kilicho mbele yake, kisha husahau. Zile za kale zilikuwa hivyo. Lakini mashine za kidijitali za ofisini, zilizoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyingi zina diski ndani yake kama ile ya kompyuta. Unapoweka karatasi, mashine huipiga picha, huiandika picha hiyo katika diski, ndipo huichapa. Ukimaliza kazi yako, si lazima picha iondoke. Na hata ukiagiza ifutwe, mara nyingi kinachofutwa ni jina lake tu katika orodha. Yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sisi tuliosomea ualimu tunaujua ubao wa chaki. Ukiufuta kwa kitambaa kikavu, mwanafunzi wa dawati la mbele bado anaisoma hesabu ya saa iliyopita. Mpaka uchukue kitambaa chenye maji. Mashine nyingi zina kitambaa hicho chenye maji katika mipangilio yake, yaani amri ya kuandika juu ya diski nzima hadi kusibaki kitu cha kusomwa. Nyingine huandika kila kitu kwa maandishi ya siri tangu mwanzo. Lakini mara nyingi mambo hayo hayajifanyi yenyewe, sharti mtu ayaamuru. Mashine ndogo za mezani, tuseme ukweli, nyingi hazina diski kabisa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma kitabu cha maelezo cha mashine yenu mjue mna ipi.

Mwezi wa Aprili 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilitangaza habari iliyowashtua wengi. Waandishi wake walikuwa wamenunua mashine nne zilizotumika, kutoka ghala moja la New Jersey, kila moja kwa dola 300 hivi. Diski zikatolewa na kusomwa kwa programu inayopatikana bure katika intaneti, na katika muda usiofika saa 12 zikatoka hati kwa makumi ya maelfu. Mashine moja ilikuwa imetoka kwa polisi wa mji wa Buffalo, katika kitengo kinachoshughulikia makosa ya kingono. Nyingine ilikuwa ya shirika la bima ya afya, Affinity Health Plan, na ndani yake zilikutwa kurasa 300 za habari za wagonjwa. Shirika hilo lilikadiria kwamba watu hadi 344,579 huenda wameguswa, na mwaka 2013 likakubali kuilipa serikali dola 1,215,780. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Mashine zilirudishwa tu baada ya muda wake kwisha, kama sisi tulivyotaka kuirudisha yetu. Na katika ghala lile, mashine nyingine zilikuwa zikipakiwa katika makontena kwenda ng'ambo.

Ng'ambo hiyo ni kwetu pia. Mashine yetu hii haikuanza maisha yake Kambove. Ilikuja ikiwa imetumika, na siku tulipoiwasha mara ya kwanza tulikuta katika kitabu chake cha anwani majina ya watu wa ofisi fulani ya Ulaya, pamoja na namba zao za simu. Tulicheka siku ile pia. Tukasema Wazungu wametuachia salamu. Hatukujiuliza kama mlikuwa na zaidi ya majina, wala ni nani siku moja atakayecheka majina yetu.

Mtatuambia: hapa kwetu nani atachungulia diski ya parokia? Kijana anayeinunua anataka kupiga fotokopi za vyeti vya wanafunzi apate chakula cha watoto wake. Kweli, na sisi tunamjua na hatumshuku. Lakini mashine haikai kwa mtu mmoja milele. Itaharibika, fundi ataifungua, itauzwa tena, na mwisho diski itauzwa peke yake katika sahani ya vipuri, kati ya chaja na betri. Hatuwezi kumwamini mtu ambaye bado hatumjui.

Kisha tazameni ni nini kilichomo. Kitabu cha ubatizo kina majina ya wazazi, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa inaeleza jinsi ya kumwandika mtoto ambaye mama yake hakuolewa, na pia mtoto aliyelelewa na wazazi wasiomzaa. Maana yake ni kwamba katika kurasa zile mna habari ambazo mtu mzima, anayeimba nanyi katika kwaya, huenda hazijui juu yake mwenyewe. Katika faili ya uchunguzi wa ndoa mna maneno ambayo mchumba aliyasema mbele ya padri, mwenzake akiwa nje ya mlango. Orodha ya wagonjwa hatuna haja ya kuieleza.

Na sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa na Marekani uzito wa orodha ya majina. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Stesheni ya Likasi ilijaa familia zilizolala nje zikingoja treni. Miaka ilipopita, barua zilianza kufika katika ofisi ya parokia. Mtu anaomba cheti cha ubatizo ili afunge ndoa kule Mbujimayi au Kananga, naye hana kitu kingine mkononi kinachoonyesha kwamba alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akakomunika hapa. Tulifungua kitabu, tukamkuta. Kwa huyo, mstari ule mmoja wa wino ulikuwa nyumba yote iliyombakia Kambove. Lakini kitabu kilekile, chenye jina la baba na mahali alikotoka, kingalikuwa nini mikononi mwa mtu mwingine katika miezi ile?

Wapo pia wazee wa Gécamines. Watu 10,655 waliiacha kampuni katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003, na Kambove, mji uliozaliwa na shaba, ulikuwa na watu wake kati yao. Tangu wakati ule wamekuja kwetu na bahasha zao: kadi ya kazi, namba ya mfanyakazi, hesabu ya mwisho. Tuliwapigia fotokopi, na nyingine tulizihifadhi kwa ombi lao. Wengine wamefariki, na wajane wao wanakuja kuuliza kama ile karatasi bado ipo, kwa sababu ile ya nyumbani ilinyeshewa. Mjane wa namna hiyo hana hofu ya diski kusomwa. Hofu yake ni kwamba siku ya kubadilisha mashine mtu atabonyeza mahali pasipo pake na kila kitu kitapotea. Hofu yake ni ya haki sawa na ile nyingine.

Kanisa lilifikiri juu ya haya kabla ya umeme. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulimwagiza paroko awe na kitabu cha ndoa na akitunze kwa bidii. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na vitabu vyake na mahali pake pa kuvihifadhi, na inamwagiza paroko aangalie visifike mikononi mwa watu wa nje. Kanuni hiyo haikusema kwamba inahusu karatasi tu, na sisi hatuoni njia ya kuisoma hivyo: picha ya ukurasa ni ukurasa. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la mtu na haki yake ya faragha. Serikali yetu nayo, kwa Amri-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya kidijitali, imeweka masharti ya kulinda habari za binafsi za raia. Asiyesikia Kanisa asikie basi gazeti la serikali.

Sasa, namna ya kuhama. Katika sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia tunamkuta nabii amefungwa katika ua wa walinzi, na Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Wakati huo usiofaa kwa biashara yoyote, ananunua shamba la Anatoti kwa binamu yake Hanameli, kwa shekeli 17 za fedha. Hati zikaandikwa, moja imetiwa muhuri na nyingine imeachwa wazi. Mashahidi walikuwapo. Zikakabidhiwa kwa Baruku, kwa jina lake, mbele ya watu, naye akaagizwa aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Tumeisoma sura hii mara nyingi kama fundisho la matumaini, na ndivyo ilivyo. Lakini safari hii tuliisoma kama makatibu. Nakala mbili, mashahidi, mtunzaji mmoja anayejulikana, na chombo kinachofaa. Ofisi nyingi za leo hazina hata mawili kati ya hayo manne.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtungi wetu una kasoro yake. Mashine nyingi hukupa njia ya kutoa akiba yote kwa amri moja, na jambo hilo huvutia kijana mwenye haraka. Jihadharini. Mara nyingi akiba ya namna hiyo hufunguka tu katika mashine ya kiwanda kilekile, pengine ya aina ileile. Mkinunua ya kiwanda kingine mtakuwa mmebeba mtungi usio na mdomo. Toeni hati zenyewe, kila moja katika PDF ambayo kompyuta yoyote itaifungua, mziweke katika diski ya nje. Hesabuni zilizotoka mlinganishe na zilizokuwamo. Kisha zifungueni, maana faili inaweza kuwa na jina na isiwe na kitu. Na majina yale ambayo mashine hujipatia yenyewe, tarakimu tupu zisizomwambia mtu lolote, yabadilisheni wakati bado mnakumbuka: ubatizo, kitabu cha nne, ukurasa wa 112. Kazi hiyo inachosha. Sisi tumekaa saa nzima na kurasa arobaini.

Katika kazi hiyo tulijifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Tulilinganisha picha moja na kitabu chenyewe, tukaona havifanani. Katika kitabu, pembeni mwa jina la kijana fulani, paroko alikuwa ameandika kwamba amefunga ndoa, tarehe na parokia. Katika picha pembeni palikuwa peupe, kwa sababu ukurasa uliskaniwa kabla ya ndoa ile. Fikirini: kama tungetoa cheti kwa kutazama picha, tungemtangaza mseja mtu mwenye mke. Ndiyo sababu tunakataa, na tunaomba ninyi pia mkatae, lile wazo kwamba baada ya kuskani vitabu vinaweza kupelekwa stoo. Picha ni shahidi wa siku moja. Kitabu kinaendelea kuandikwa, na cheti hutoka katika kitabu. Andikeni juu ya kila picha tarehe ilipopigwa.

Juu ya chombo hatuna mengi. Diski mbili, zenye neno la siri, moja katika kabati la chuma la ofisi na nyingine katika nyumba tofauti, ili moto mmoja au mvua moja isizichukue zote. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Hupotea mfukoni, na ikipita katika kompyuta za mjini hurudi na virusi. Kila mwaka mtu azifungue aone kama bado zinasoma.

Lakini juu ya simu zenu tuna neno. Mmoja wenu, kwa nia njema, alipendekeza tutume kila kitu katika kundi la WhatsApp la ofisi, "ili lisipotee jambo". Halitapotea, hilo kweli. Litakuwa katika simu kumi na tano, pamoja na ile ambayo mdogo wako huichezea jioni na ile ambayo utaiuza mwakani ununue nyingine. Tulimkatalia, naye alinuna kidogo. Tunajua mnatumia simu kwa kila kitu, hata kwa masomo ya Misa, wala hatuko kati ya wazee wanaoilaani. Ila mambo ya uchunguzi wa ndoa ya jirani yako hayana njia ya kupita katika simu yako.

Kufuta ni kwa mwisho kabisa, baada ya hesabu kukubaliana na nakala ya pili kufunguka. Wawepo watu wawili, mmoja abonyeze na mwingine aandike: tarehe, namba ya mashine, amri iliyotumika, sahihi mbili. Kitabu cha anwani nacho kifutwe, pamoja na maneno ya siri ya barua pepe yaliyoingizwa humo. Ikiwa mashine imechoka kiasi cha kukataa kujifuta, fundi aitoe diski mbele yenu, nanyi mbaki nayo au mwivunje. Mashine isiyo na diski huenda isifanye kazi, na bei yake itashuka. Katika kikao, baadhi yetu walilia juu ya fedha hizo, maana paa la darasa la katekesi linavuja na kila franga ina mahali pake. Tuliwaelewa. Hata hivyo tunaona fedha hizo hazikuwa zetu. Zilikuwa bei ya siri za watu wengine, na hatukupewa idhini ya kuziuza.

Baraza limekubali kungoja. Hadi leo tumemaliza vitabu vitatu kati ya saba, na faili za ndoa bado. Jumamosi iliyopita kijana yule anayetaka kuinunua mashine alifika asubuhi akiwa amekunja mikono ya shati, akasema amekuja kusaidia ili kazi iende upesi. Mama wa ofisi alimshukuru sana, akampa kiti barazani na kikombe cha chai, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.